Taulo la Kijani

Jipu la kwanza lilimtoka kitinda mimba wetu, kisogoni, pale ilipopita mashine ya kinyozi. Ilikuwa Januari, wiki ya pili tangu shule zifunguliwe. Alinyolewa Jumamosi, Jumatatu akawa anajikuna, Jumatano kola ya shati la shule ikawa inamuumiza. Nilimsogeza dirishani nikaona uvimbe mwekundu, mgumu, mdogo kama punje ya hindi, na unywele mmoja umesimama katikati yake. Nikampaka mafuta ya mgando nikamwambia akimbie asiachwe na basi. Jipu la mwisho lilinitoka mimi mwenyewe, ndani ya pua, mwezi wa Machi. Yaliyopita kati ya hayo mawili nayaandika kama yalivyokuwa, kwa sababu nyumba zenye taulo moja ni nyingi, na yetu ilikuwa mojawapo.

Anayeijua Kiamunyi ya Januari anaijua kwa vumbi. Ukitoka mjini Nakuru kwa matatu za kwenda Kabarak na Ravine, ukashuka huku kwetu, unakanyaga udongo mwepesi wa majivu ya volkano, na volkano yenyewe, Menengai, iko pale pale inakutazama. Upepo wa kiangazi ukianza saa nne asubuhi hauachi kitu. Jina lenyewe la Nakuru husemwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi. Vumbi hilo huingia kwenye shuka, kwenye unga, kwenye vinyweleo. Mwaka huo maji ya mfereji yalikuwa yanakuja usiku mara mbili kwa wiki, yakikohoa bombani, na siku nyingine zote tulinunua ya mkokoteni wa punda, jerikeni za lita 20 zikipangwa mlangoni. Tulikuwa watu sita: mimi na mume wangu, watoto wawili, mama mkwe, na dada wetu wa kazi. Watu sita, beseni moja la kuogea, na nyuma ya mlango wa bafu, kwenye msumari mmoja, taulo moja kubwa la kijani nililolipata kwenye mitumba. Lilikuwa zito na zuri, na kwa uzito wake halikuwahi kukauka sawasawa.

Si umaskini uliotufanya tuwe na taulo moja. Tungeweza kununua mengine. Lakini mume wangu alilelewa katika nyumba ya ndugu saba waliooga kwa zamu maji ya beseni lile lile, mkubwa hadi mdogo, na mimi nililelewa vivyo hivyo. Kwetu kugawana ndiko kupendana. Hata dada, siku aliyofika kutoka Baringo na begi lake begani, nilimwambia kwamba hapa hakuna kikombe chako wala sahani yako ya pembeni, ninachotumia mimi ndicho utakachotumia wewe. Nimeingia nyumba ambako msaidizi ana kikombe chake cha plastiki chini ya sinki, na nilikuwa nimeapa kwamba yangu haitakuwa hivyo. Bado naamini nilikuwa sawa. Ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Molo kutibiwa macho. Alimgeuza mjukuu wake shingo, akaligusa jipu kwa ncha ya kidole, akasema bado ni bichi na mtu asilikamue. Kisha akatukumbusha habari za mfalme Hezekia, aliyekuwa anakufa kwa jipu, na Isaya akaagiza kuletwe mkate wa tini uwekwe juu yake, mfalme akapona. Tini hatuna, akasema, lakini kitunguu kipo.

Alikifukia kitunguu kizima kwenye majivu ya jiko mpaka kikalainika, akakipasua, akakifunga katika kitambaa. Kabla ya kumwekea mtoto alikijaribu kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono wake, kama mtu anayeonja joto la maziwa ya mtoto mchanga. Robo saa kabla ya basi la shule, robo saa akirudi, robo saa jioni, robo saa kabla ya kulala. Siku ya sita jipu lilitoa kichwa cheupe. Siku ya nane lilipasuka lenyewe, na alfajiri mtoto alinijia chumbani akiwa na kitu cha manjano shingoni, akicheka, kwa sababu maumivu yalikuwa yamekwisha usiku ule ule.

Mama alikuwa amefanya karibu kila kitu sawasawa, na wiki kadhaa baadaye daktari alimwambia hivyo mbele yetu sote, akafurahi kama msichana. Kilichofanya kazi ni joto. Joto hupanua mishipa ya damu, damu ikaja kwa wingi na chembe zake nyeupe zinazopigana na vijidudu, usaha ukakusanyika mahali pamoja, ngozi ya juu ikalainika mpaka ikafungua njia. Kitambaa safi kilichochovywa katika maji ya moto yanayovumilika kingefanya vilevile, bila kitunguu. Kosa lilikuja dakika moja baada ya jipu kupasuka, na nililifanya mimi. Nilimfuta mtoto usaha ule kwa kitu kilichokuwa karibu na mkono wangu. Kilikuwa taulo la kijani. Nikalirudisha msumarini.

Zikapita siku kumi hivi. Jioni moja nikamwona dada anainua sufuria kwa mkono wa kushoto, naye si wa kushoto. Nikamuuliza, akasema amelalia mkono vibaya. Kesho yake nilimkuta uani anafua nguo za watoto, mkono wa kulia umebanwa ubavuni kama bawa la kuku lililovunjika, na jasho linamtoka ilhali jua lilikuwa halijapanda. Nikamwomba anionyeshe. Alikataa mara mbili. Alipoinua blauzi niliona kwapa lote limevimba, jekundu, limekaza mpaka ngozi inang’aa, na juu yake amepaka sabuni ya kipande iliyokandwa na sukari, dawa aliyoijua kwao.

Siku nne. Siku nne alikuwa amebeba jerikeni, amepika chapati, ameogesha watoto, katika nyumba yenye watu wazima wengine watatu wenye macho. Chini ya mto wake kulikuwa na karatasi yenye vidonge viwili vya rangi mbili vilivyosalia kati ya sita. Alikuwa amevinunua kwenye kemisti kwa pesa alizonazo, na aliyemuuzia hakuuliza anaumwa nini wala kama aliwahi kudhurika na dawa.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Niliogopa, Mama. Nilifikiri utaona nitawaambukiza watoto, unirudishe nyumbani.”

Kumbe mtoto wangu ndiye aliyemwambukiza yeye. Sikulijua hilo bado, na hata sasa nikilikumbuka nakosa utulivu. Aliumia kwa sababu ya nyumba yangu, akaficha kwa sababu alijua nyumba zilivyo.

Nilimpumzisha. Mama akampa vitambaa vya moto mara nne kwa siku, mimi nikafanya kazi za maji na jiko. Siku ya tatu jipu likafunguka. Vile vidonge havikuwa vimemsaidia chochote, na sababu yake niliijua baadaye: vilikuwa amoksilini, jamaa ya penisilini, na kijidudu cha majipu kilikwisha kujifunza kuikata penisilini tangu miaka ya 1940, kabla ya wazazi wangu kuzaliwa. Mtu anaweza kumeza sita au ishirini na sita, ni mamoja. Nami, kwa kuwa moyo wangu ulikuwa umejaa huruma, siku aliyopata nafuu nilimpashia beseni zima la maji aoge vizuri peke yake. Akaoga. Akajifuta kwa taulo la nyuma ya mlango.

Nadhani msomaji ameshaona njia ilivyokuwa inakwenda. Sisi hatukuiona. Tulikuwa tunazungumza damu chafu. Mama wa ploti ya pili alisema ni maembe ya msimu. Mwanachama mwenzangu wa chama chetu cha wanawake, mzaliwa wa Mombasa, aliuliza kama tunaanika nguo kwenye nyasi, maana kuna nzi anayetaga kwenye nguo mbichi na buu lake likaingia ngozini na kufanya uvimbe unaofanana sana na jipu. Swali la maana, kwa sababu nzi huyo yupo, na uvimbe wake una tundu dogo la kupumulia katikati. Lakini nguo zetu zilianikwa kwenye kamba na uvimbe wetu haukuwa na tundu.

Mwishoni mwa Februari ikawa zamu ya mume wangu.

Yeye ni dereva wa lori la mahindi. Hukaa juu ya kiti saa nane, saa kumi, suruali imeloa jasho, barabara ya Eldoret kwenda na kurudi. Jipu lake lilitokea kalioni, mahali pabaya kuliko pote kwa mtu wa kazi hiyo, na kwa aibu ya mwanamume hakusema mpaka aliposhindwa kukaa mezani. Alikula amesimama akidai mgongo umechoka. Mama ndiye aliyemgundua, kwa kuwa mama hafichwi kitu.

Lilikuwa kubwa kama limau, gumu, halina kichwa. Kitunguu kikawekwa siku tatu bila mabadiliko. Hapo mama akakumbuka jinsi babake alivyotibiwa walipokuwa vibarua kwenye shamba la mzungu: chupa. Wapwani wanaujua ufundi wa namna hii kwa jina la chuku, na mafundi wake hutumia pembe, lakini chuku hupigwa penye ngozi nzima. Haipigwi juu ya jipu bichi.

Ilikuwa Jumapili saa nane, na saa tisa wanawake wa chama walikuwa wanakuja kwangu. Nilikuwa jikoni nakaanga mandazi. Mama alichemsha maji, akaijaza chupa ya soda, akangoja kioo kishike moto, akamwaga maji, akaugandamiza mdomo wa chupa juu ya jipu huku mwanawe amelala kifudifudi. Hewa ya moto iliyomo ndani ikipoa hunywea, na ngozi hufyonzwa kujaza nafasi yake. Nilisikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mume wangu katika miaka kumi na minne ya ndoa.

Nilipofika chumbani chupa imesimama yenyewe. Ngozi imeingia ndani ya shingo yake kiasi cha kidole gumba, imegeuka zambarau, na mama anaivuta kwa mikono miwili huku mume wangu ameng’ang’ania ubao wa kitanda. Kadiri alivyovuta ndivyo ilivyokaza. Nilimwambia Mama, acha, acha tafadhali, nikapenyeza ukucha wa kidole kidogo chini ya ukingo wa kioo mpaka hewa ikaingia kwa mlio, chupa ikaanguka. Imeacha duara la kuungua, jeusi, na katikati yake jipu lile lile, gumu kama mwanzo, halikutoa tone.

Mama alikaa sakafuni akalia. Alikuwa na miaka sabini na mbili na alikuwa amemuumiza mwanawe. Wanawake wa chama walikuta mlango uko wazi, mandazi yameungua, na mimi niko sakafuni nimemkumbatia mama mkwe wangu. Hakuna aliyeuliza kitu. Mmoja akaenda kuzima gesi.

Jumatatu jioni shemeji, mume wa wifi yangu anayeishi Arusha, alipita kulala kwetu akielekea Kitale. Aliposikia habari akasema neno ambalo Watanzania walikuwa nalo mdomoni tangu Novemba 2015, rais John Magufuli alipolihutubia Bunge kule Dodoma akaahidi kutumbua majipu. Alimaanisha wala rushwa na wazembe serikalini, na neno lilivuka mpaka likafika mpaka kwetu. Jipu halibembelezwi, akasema shemeji, jipu ni kutumbuliwa. Akaomba wembe mpya na kiberiti cha kuuchoma.

Naliheshimu neno lile, na baadaye nilijua kwamba hata kwa udaktari lina ukweli mkubwa kuliko nilivyodhani. Lakini nilikuwa nimeiona chupa jana yake. Nikamwambia shemeji, kwa adabu yote anayonidai mtu wa ukoo, kwamba katika nyumba hii hakuna atakayekatwa na mtu asiyejua mshipa uko wapi. Wembe nikaufunga kabatini, ufunguo nikaulalia. Mume wangu hakunishukuru usiku ule. Saa nane za usiku alianza kutetemeka meno yakigongana, mwili ukiwaka, na nilipomulika kwa simu niliona wekundu umesambaa kutoka kwenye lile duara hadi pajani.

Hapakuwa na cha kungoja tena. Mtu mwenye jipu akipata homa na baridi ya mwili, au wekundu unaotambaa, au mstari mwekundu unaopanda kutoka kwenye uvimbe, ameshatoka mikononi mwa watu wa nyumbani. Vivyo hivyo mwenye jipu la usoni au la uti wa mgongo, mwenye kisukari, mtoto mchanga, na yeyote ambaye jipu lake limekaa wiki mbili bila kupungua. Tulipanda gari la jirani, yeye amelala kiti cha nyuma kwa tumbo, tukaenda kliniki iliyo wazi usiku.

Aliyetupokea alikuwa afisa wa kliniki, msichana mwembamba ambaye mama mkwe alimwita daktari tangu neno la kwanza, nasi sote tukafuata. Hakushangaa kuhusu chupa. Alibonyeza pembeni mwa uvimbe kwa vidole viwili, akahisi unavyochezacheza chini kama mfuko wa maji, akasema limeiva ndani, halikupata tu njia. Akamchoma mgonjwa kidole kupima sukari, kwa sababu majipu makubwa au yanayorudi mara nyingi ndiyo humfichua mwenye kisukari asiyejijua. Sukari ilikuwa sawa. Akaeleza pia kwa nini hangempa vidonge tu amrudishe nyumbani: dawa husafiri na damu, na ndani ya mfuko wa usaha damu haipiti. Dawa pekee ingezunguka nje kama mtu anayebisha nyumba isiyo na mlango. Lazima mlango utengenezwe.

Kwa hiyo shemeji alikuwa na haki, na wembe wake haukuwa na haki. Daktari alipaka ayodini, akadunga dawa ya ganzi kuzunguka uvimbe, akatahadharisha kwamba ganzi haishiki vizuri penye usaha na ataumia kidogo. Kisha akakata, mara moja, njia isiyozidi urefu wa ukucha wangu. Usaha uliotoka ungejaa nusu kikombe cha kahawa, na harufu yake sitaieleza. Hakuishia hapo. Aliingiza koleo ndogo akavunja kuta za ndani, maana jipu kubwa huwa na vyumba vyumba, na ukifungua kimoja ukaviacha vingine litajaa tena. Akasafisha kwa maji ya chumvi, akaingiza utepe wa shashi ili kidonda kisifunge juu kabla ya kupona chini, akaandika flukloksasilini mara nne kwa siku kwa sababu ya homa na ule wekundu. Kulipopambazuka mume wangu alikuwa amelala usingizi wa kweli, wa kwanza kwa siku tano.

Daktari alirudi na kikombe cha chai akaketi nasi. Akauliza nani mwingine nyumbani amepata jipu. Nikamhesabia: mtoto, kisha dada, kisha huyu. Akauliza walivyofuatana na kwa siku ngapi. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

“Mna mataulo mangapi?”

Nilitaka kusema neno likakwama. Mama akajibu kwa niaba yangu: moja, la kijani.

Akachukua karatasi ya dawa akachora viduara vidogo vimeshikana, kama shada la zabibu. Hivi ndivyo kijidudu chenu kinavyoonekana kwenye hadubini, akasema, kinaitwa stafilokoki. Baadaye nilisoma kwamba jina hilo lilitolewa na Alexander Ogston, mpasuaji wa Aberdeen huko Uskoti, aliyechukua usaha wa mgonjwa wake mwaka 1880 akautazama kwa hadubini. Mwaka 1882 akakiita kwa neno la Kigiriki la shada la zabibu. Miaka miwili mbele Mjerumani Rosenbach akaongeza neno la dhahabu, kwa rangi ya makundi yake. Ni kijidudu hicho hicho ambacho Alexander Fleming alikuwa anakifuga kwenye sahani mjini London mwaka 1928 ukungu ulipoanguka na kukiua, penisilini ikapatikana. Na mwaka 1961 Waingereza wakatangaza aina yake isiyosikia hata methisilini, dawa iliyotengenezwa makusudi kwa ajili yake. Nilikuwa nimeishi nacho miezi miwili bila kujua kina historia ndefu hivyo.

Lakini la asubuhi ile ndilo lililonikaa. Karibu watu watatu kati ya kumi, daktari alisema, wanakibeba puani bila ugonjwa wowote. Kinakaa pale kimya. Mtu anagusa pua, anagusa ngozi iliyokwaruzwa na wembe au suruali au vumbi, kinaingia kwenye shina la unywele. Damu si chafu. Maembe hayana hatia. Na jipu likishapasuka, kila tone la usaha lina vijidudu hai wasiohesabika, ambao taulo bichi lisilokauka huwahifadhi vizuri kuliko kitu chochote ndani ya nyumba. Ninyi, akasema, mmekuwa mkipokezana.

Nililia hapo, si kwa taulo. Nililia kwa sababu nilikuwa nimehubiri kugawana, na dada alikuwa amenisikiliza.

Siku iliyofuata tulianza. Kila shuka, foronya na nguo ya ndani ilichemshwa kwenye sufuria kubwa ya sherehe niliyoazima chamani, ikaanikwa juani, ikapigwa pasi. Maji tuliyotumia wiki hiyo yaligharimu kama chakula cha wiki, na sitamlaumu yeyote asiyeyamudu. Nasema tu yalipokwenda. Kucha zikakatwa. Kila mtu akawa na wembe wake, sabuni ya kipande ikabadilishwa na ya maji. Kidonda cha mume wangu kikafunikwa muda wote, na bandeji zilizotoka zikaenda moja kwa moja kwenye mfuko uliofungwa. Daktari alitupa sote sita marhamu ya mupirosini ya kupaka puani, mara mbili kwa siku kwa siku tano, hata mama ambaye hakuwahi kutoka jipu, kwa sababu tukitibu pua tano na kuacha ya sita tumefanya kazi bure.

Kisha nikaenda mjini nikanunua mataulo sita, rangi sita. Nilipoyaweka kwenye kiti cha sebuleni watoto wakayarukia, na dada akasimama mlangoni pa jikoni hasogei. Uso wake ulikuwa ule ule wa siku ile uani.

“Kwa hiyo sasa kila mtu na chake,” akasema.

Niliwaambia watoto wakae chini. Nikamweleza yote, mbele yao na mbele ya mama: kwamba jipu lake lilitoka kwa mwanangu kupitia kwenye taulo nililomwambia mimi atumie, kwamba hakumwambukiza mtu yeyote kwa kosa lake, kwamba alipoficha maumivu siku nne ilikuwa ni mimi niliyeshindwa kuwa mtu wa kuambiwa. Vikombe havitabadilika, nikasema, na meza haitabadilika. Nikamwomba achague wa kwanza. Alitazama muda mrefu. Alichukua la njano. Usiku akalitia uzi mwekundu pembeni, kisha, bila kuombwa, akayatia uzi na mengine matano, kila moja rangi yake, tusije tukachanganya gizani.

Taulo la kijani nililichoma kwenye shimo la takataka. Daktari hakuniagiza, maji ya moto, sabuni na jua vingetosha. Nililichoma kwa sababu sikutaka kuliona.

Jipu langu mimi lilikuja katikati ya hayo yote, kabla marhamu haijamaliza siku zake: kipele chekundu ndani ya tundu la kushoto la pua, kinauma mpaka jino la juu. Kila nilipopita kwenye kioo vidole vilikwenda vyenyewe. Lakini daktari alikuwa ameniambia jambo moja kwa sauti tofauti na ya mengine. Mishipa ya damu ya pua na mdomo wa juu inaungana na ile iliyo chini ya ubongo, na mtu akikamua jipu la hapo anaweza kuusukuma uchafu ule ndani, kwenye kichwa. Watu wamekufa kwa kipele cha pua. Kwa hiyo nilikaa mikono imelala mapajani, kitambaa cha moto robo saa, mara nne, na niliporudi kliniki nikapewa vidonge vya siku saba nikavimeza vyote, hata vya siku ya sita na ya saba nilipokuwa mzima kabisa. Mama alikuwa ananihesabia.

Mwishoni mwa Machi mvua ilinyesha. Tangi likajaa, vumbi likalala, Menengai ikawa kijani kwa siku tatu tu. Mama alirudi Molo na taulo lake jeupe ndani ya begi. Alikataa kuliacha, akasema atakuja nalo tena. Mume wangu ana kovu la duara ambalo halitatoka, na huketi juu yake kwenda Eldoret.

Jumamosi iliyofuata kitinda mimba alikwenda kunyolewa. Alichukua kitambaa chake mwenyewe cha shingoni na akamwomba kinyozi apanguse mashine kwa spiriti kwanza, kinyozi akafanya hivyo. Aliporudi, dada alikuwa kibarazani anachambua mchele. Aliweka ungo chini, akamgeuza kisogo kwenye mwanga kama nilivyofanya mimi Januari, akapitisha macho polepole kutoka sikio hadi sikio.

“Hakuna kitu,” akasema. “Nenda ukaoge. Lako ni la bluu.”